Mbona huyu anaitwa gaidi na yule anaitwa mgonjwa wa akili?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha: kila gari likiingia kwenye umati wa watu huko duniani anaona mambo yale yale, polisi masaa ya kwanza wanasema tunachunguza, jina hawatoi, halafu dereva akiwa Mwislamu ni gaidi saa hiyo hiyo na akiwa mzungu anageuka mgonjwa wa akili. Wanaficha nini? Na kingine, mdogo wake wa kiume alirusha video ya tukio la namna hiyo kwenye grupu la familia, mama yao akaifungua bila kujua ni kitu gani, ana wiki sasa halali vizuri. Mdogo mtu anajitetea kwamba watu wana haki ya kuona ukweli. Amwambieje?

Dada, kwanza pole kwa mama. Nitarudi kwake mwisho maana hilo ndo zito kuliko yote uliyouliza.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhakiki video na picha za matukio kabla hazijarushwa kwenye habari, yaani klipu inaingia, mi natakiwa niseme hii ni ya leo au ya zamani, ni ya mji huu au wa kwingine, na huyu anayeonekana ndo mwenyewe au kafanana tu. Kwa hiyo hayo masaa ya kwanza unayoyaulizia nimeyaishi mara nyingi mno, na kama kuna kitu kimoja nimekishika ni hiki: sababu ya dereva ndo kitu ambacho kila mtu anakitaka kwanza, na ndo kitu kinachojulikana mwisho kabisa. Katikati hapo ndo watu wanaumizwa mara ya pili.

Nianze na hilo la kuficha. Kuficha kupo, na kukiwepo kunaonekana. Novemba 11, 2024 mjini Zhuhai, China, mwanaume wa miaka 62 aliingiza gari kwenye watu waliokuwa wanafanya mazoezi katika kituo cha michezo, wakafa 35 na wengine 43 wakajeruhiwa. Idadi ya waliokufa ilitangazwa karibu siku nzima baadaye, video zikawa zinafutwa mtandaoni kadri zinavyowekwa, hata maua ambayo watu waliyaacha pale yakaondolewa. Polisi walisema mtu yule alikuwa na hasira na mgawanyo wa mali baada ya talaka. Januari 20, 2025 akauawa kwa hukumu ya mahakama, wiki 10 tu tangu tukio. Hivyo ndivyo kuficha kunavyokuwa, unaona kabisa mlango unafungwa. Lakini polisi anayesimama mbele ya kamera na kusema bado tunachunguza, mara nyingi hafichi kitu, hana kitu bado.

Fikiria anachofanya saa ile. Kuna majeruhi wamelala barabarani, hajui kama kuna mwenzake mwingine anakuja na gari la pili, hajui kama ndani ya gari kuna bomu, anatakiwa afungue njia ya ambulensi na wakati huo huo asiharibu ushahidi, simu ya dereva bado haijafunguliwa, nyumbani kwake bado hapajapekuliwa. Na akikosea inakuwaje? Berlin, Desemba 19, 2016, lori liliingizwa kwenye soko la Krismasi pale Breitscheidplatz, wakafa 12. Jioni ile ile polisi wakamkamata kijana kutoka Pakistan aliyekuwa ameomba hifadhi, dunia nzima ikapewa habari kwamba mtu kapatikana, na kesho yake ikabidi wamwachie kwa sababu siye. Muuaji mwenyewe muda huo yuko njiani na bunduki yake, akavuka nchi hadi Italia, akauawa karibu na Milan Desemba 23 baada ya askari wa kawaida tu wa doria kumwomba kitambulisho. Yaani wakati watu wanajibizana mtandaoni kuhusu mtu ambaye siye, mwenyewe anapanda treni.

Halafu New Orleans, Marekani, Januari 1, 2025. Hii naitaja makusudi kwa sababu inagonga moja kwa moja hoja yako. Pikapu iliingia Bourbon Street alfajiri ya mwaka mpya, wakafa 14. Kwenye mkutano wa kwanza na waandishi meya akasema ni shambulio la kigaidi, afisa wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, aliyesimama hapo hapo akasema hili si tukio la kigaidi, masaa machache baadaye FBI wenyewe wakasema tunalichunguza kama ugaidi. Na dereva alikuwa Mwislamu, bendera ya ISIS ilikuwa kwenye gari. Kwa hiyo kule ambako wewe ungetarajia neno litolewe papo hapo, halikutolewa. Na bado haikuishia hapo, FBI siku ile walisema wanaamini hakuwa peke yake, siku iliyofuata wakasema alikuwa peke yake. Hao ni watu wenye maabara na wapelelezi kila kona. Sisi wengine tuna simu tu mkononi.

Upande wa pili wa hoja yako nao: Finsbury Park, London, Juni 19, 2017, usiku wa Ramadhani, watu wametoka tarawehe, mzungu akawaingilia na gari aina ya van, mtu mmoja akafariki. Polisi walilitangaza kuwa tukio la kigaidi ndani ya dakika 8. Dakika 8, dada. Na niseme kitu cha usiku ule ambacho sichoki kukisimulia: watu walimtoa dereva wakambana chini, hasira unaijua, ndugu zao wamelala pale pale, ndipo imamu wa msikiti wa jirani akaja akasimama na wenzake wakamzunguka yule mtu ili asipigwe, mpaka polisi wakamchukua akiwa hai. Kwa sababu alichukuliwa hai akasimama kizimbani, mahakama ikasikia jinsi chuki ilivyomwingia, na Februari 2018 akapewa kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 43. Imamu yule hakuuliza kwanza sababu ya mtu ni nini. Alizuia damu nyingine isimwagike.

Sasa neno lenyewe. Ugaidi mtaani ni tusi, ni namna ya kusema hiki ni kitu kibaya kupita vyote. Kisheria siyo hivyo. Sheria nyingi zinataka vitu viwili vikae pamoja, kwanza ukatili wenyewe, pili lengo: kwamba mtu alifanya kwa ajili ya siasa, dini, rangi au itikadi fulani, na alitaka kuwatisha raia au kuibana serikali. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 imeandikwa karibu hivyo hivyo. Ukiua watu 35 kwa sababu ya talaka hujawa gaidi kwa maana hiyo, na waliokufa hawajafa kidogo kwa sababu hiyo. Hapa ndo watu wengi wanakwama, wanadhani neno gaidi likikosekana basi damu imeshushwa bei. Nawaelewa, lakini kinachopima uzito ni hukumu.

Na kuthibitisha lengo kunachukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa mtu yeyote. London ya Canada, Juni 6, 2021, familia ya Kiislamu inatembea jioni, wamesimama wanasubiri kuvuka barabara, dereva akawagonga makusudi, wakafa wanne wa vizazi vitatu, akabaki mtoto wa kiume wa miaka 9. Baraza la mahakama lilimkuta dereva na hatia Novemba 2023, na Februari 2024 ndipo jaji akasema wazi huu ni ugaidi. Karibu miaka mitatu. Wakati Toronto, nchi ile ile, Aprili 23, 2018, mtu aliyekodi van akaua watu 10 barabara ya Yonge, wengi wao wanawake, na kabla yake alikuwa ameposti maneno ya kuwasifu wanaume wenye chuki na wanawake, huyu alishtakiwa kwa mauaji na siyo ugaidi. Wanasheria wake walijaribu kusema usonji, yaani autism, ulimfanya asiwajibike, jaji akakataa, na watu wenye usonji na familia zao walikuwa na kila sababu ya kukasirika kwamba hali yao ilitumiwa hivyo. Kuna na Charlottesville, Agosti 12, 2017, Mnazi mamboleo akawagonga waandamanaji waliokuwa wanapinga ubaguzi, akaua mwanamke mmoja. Wamarekani sheria yao ya shirikisho inaeleza ugaidi wa ndani ni nini lakini haina kosa linalojitegemea la jina hilo, kwa hiyo alifungwa maisha kwa mauaji na kwa makosa ya chuki.

Je, upendeleo upo? Upo, sikatai na wala sitakuambia unaona mambo yasiyokuwepo. Nimekaa kwenye vyumba vya habari nikaona jina la dereva likisomwa na sauti za watu zikibadilika kabla sentensi haijaisha. Nimeona habari ya mtu mmoja ikitafutiwa picha yake ya utotoni na ya mwingine ikitafutiwa msikiti alioswali. Ila nakuomba uwatenganishe, mpelelezi ni mtu mwingine, mwanasiasa mwingine, na mtangazaji wa televisheni mwingine. Wengi unaowakasirikia ni hao wawili wa mwisho, na kweli wanastahili.

Angalia Magdeburg. Desemba 20, 2024, soko la Krismasi tena, Ujerumani tena, wakafa 6 akiwemo mtoto wa miaka 9, majeruhi kama 300. Ikajulikana dereva ni daktari mwenye asili ya Saudi Arabia. Basi, mtandaoni kesi ilikuwa imeisha, watu walishajua ni nani na kwa nini. Kumbe yule mtu alikuwa ameuacha Uislamu, alikuwa anautukana mtandaoni kwa miaka, na anakiunga mkono chama kinachopinga wahamiaji. Wale walioposti usiku ule wangapi walirudi kufuta? Mi nilikuwa naangalia, machapisho ya uongo yaliendelea kuzunguka siku na siku wakati ukweli umeshachapishwa. Mtu akishakasirika hapendi kuambiwa alimkasirikia mtu ambaye siye.

Na gharama ya kukosea inalipwa na mtu mwenye mwili na anwani. Kwenye daraja la Westminster, London, Machi 22, 2017, baada ya gari kugonga watu, mpiga picha alimpiga mwanamke mwenye hijabu anapita karibu na majeruhi, simu mkononi, mkono mwingine usoni. Akaunti moja ikaweka picha ile na maneno kwamba Mwislamu anapita tu, hajali watu wanakufa. Ilienea dunia nzima. Mwanamke yule ilibidi atoe taarifa kusema alikuwa ameshauliza kama kuna anachoweza kusaidia, akapiga simu nyumbani kusema yuko salama, na akamsindikiza mama mmoja hadi stesheni. Mpiga picha mwenyewe alisema uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtuka vibaya. Miezi kadhaa baadaye ikajulikana akaunti ile ilikuwa kwenye orodha ya akaunti bandia zilizoendeshwa kutoka Urusi. Itazame ile picha tena siku moja, angalia macho yake tu, sahau kitambaa. Utaona mtu anayetetemeka.

Charlottesville nako watu walipekua namba za gari, wakapata jina la mtu aliyelimiliki zamani kule Michigan, wakatangaza mwanawe ndo muuaji. Familia ile ilitishiwa maisha, haikuwa hata jimbo lile. New Orleans televisheni moja ikasema gari lile lilivuka mpaka kutoka Mexico siku mbili kabla, wakubwa wakalidaka kuongelea wahamiaji, kumbe dereva kazaliwa Marekani na alikuwa mwanajeshi wa Marekani. Na kisa cha Southport hakikuwa cha gari, kilikuwa cha kisu, Julai 29, 2024, watoto watatu wa kike wakauawa, lakini nakitaja maana ndo kilibadilisha polisi wa Uingereza. Mtuhumiwa alikuwa na miaka 17, sheria ikafunga jina lake, mtandao ukamtungia jina la Kiarabu na hadithi ya kuja na boti, kesho yake watu wakaushambulia msikiti na ghasia zikaenea miji mingine. Kijana kazaliwa Cardiff, huko huko Uingereza.

Ndo maana Mei 26, 2025 gari lilipoingia kwenye mashabiki wa Liverpool waliokuwa wanasherehekea ubingwa, polisi hawakusubiri, ndani ya kama masaa mawili wakasema aliyekamatwa ni mwanaume mzungu, Mwingereza, miaka 53, wa eneo hilo. Zaidi ya watu 100 waliumia, kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Ilifanya kazi, uvumi uliokuwa umeanza kupanda ukakosa hewa. Ila nilikosa raha, na bado nimekosa raha, kwa sababu sasa polisi wakikaa kimya kuhusu rangi siku nyingine watu watasema ahaa, basi siyo mzungu. Agosti 2025 wakuu wa polisi wakatoa mwongozo wa muda kuwahimiza polisi wataje uraia na asili ya mtuhumiwa kwenye kesi kubwa anaposhtakiwa. Labda haikuwa na jinsi. Lakini dereva wa Liverpool mahakamani ilionekana ni hasira tu, alikosa subira ya kungoja watu wapite, akapewa miaka 21 na nusu. Rangi yake haikueleza chochote.

Utakuwa umeona sijataja jina la dereva hata mmoja. Ni makusudi. Jaji wa Toronto aliposoma hukumu Machi 2021 alisema mtu huyu alitaka umaarufu, kwa hiyo hatamwita kwa jina lake, akamwita John Doe, jina wanalotumia kwa mtu asiyejulikana. Gazeti la Le Monde la Ufaransa nalo baada ya mashambulio ya Julai 2016 liliamua kuacha kuchapisha picha za wauaji. Siyo kuficha huko, maana habari zote zipo, ni kukataa kumpa mtu zawadi aliyoiulia watu.

Sasa kama una hasira, na unayo haki ya kuwa nayo, nikuonyeshe pa kuipeleka. Melbourne, Australia, Januari 20, 2017, gari likapita Bourke Street likaua watu 6. Mitandao ikabishana siku nzima kama ni ugaidi. Haikuwa. Swali lililokuwa na maana ni kwamba yule mtu alikuwa amepewa dhamana siku sita tu kabla, kwa nini, na nani alimpa. Waliolishikilia swali hilo ndo waliofanya sheria ya dhamana ya jimbo la Victoria ikabadilishwa. Waukesha, Marekani, Novemba 2021, kwenye gwaride la Krismasi wakafa 6 na zaidi ya 60 kujeruhiwa, kumbe dereva alikuwa nje kwa dhamana ya dola 1,000 kwa tuhuma za kumgonga mwanamke kwa gari, waendesha mashtaka wenyewe wakakiri dhamana ilikuwa ndogo isivyofaa. New Orleans vizuizi vya chuma vya Bourbon Street vilikuwa vibovu, vimeng'olewa vibadilishwe. Magdeburg gari lilipitia njia iliyoachwa wazi kwa ajili ya magari ya uokoaji. Berlin lile lori lilisimama baada ya mita 70 au 80 kwa sababu lilikuwa na breki zinazojifunga zenyewe likigonga kitu, mfumo uliotakiwa kisheria, fundi fulani aliyeufunga aliokoa watu ambao hata hawajui.

Na fidia! Hii huwa inanikereketa. Ujerumani sheria ya kuwafidia waathirika wa uhalifu ilikuwa inayaacha nje madhara yaliyofanywa na gari, eti ya gari yana mifuko yake ya bima. Kwa hiyo watu walioponea lori la kigaidi wakaelekezwa kwenye mfuko wa waathirika wa ajali za barabarani. Familia za Berlin zilizunguka hospitali moja hadi nyingine zikitafuta watu wao, nyingine zikapokea bili ya uchunguzi wa maiti kabla ya barua ya rambirambi. Mwaka mmoja baadaye familia zote 12 zikamwandikia Angela Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani wakati huo, barua ya wazi kwamba mwaka mzima hajawapa mkono wa pole, akakutana nao Desemba 2017. Hawakuandika kuhusu dini ya muuaji. Waliandika kuhusu msaada mdogo waliopewa, na serikali iliyoonywa kuhusu mtu yule ikamwacha.

Pale Breitscheidplatz siku hizi kuna ufa wa rangi ya dhahabu umepita ardhini hadi kwenye ngazi za kanisa, na majina ya waliokufa yamechongwa kwenye ngazi hizo. Mwaka 2021 akafariki mwanaume aliyekuwa amekimbilia kuokoa wenzake usiku ule akaumia kichwa, miaka karibu mitano kitandani, jina lake likaongezwa, sasa ni 13. Toronto nao mwaka huo huo wa 2021 akafariki majeruhi mmoja, wakawa 11. Habari zilishaondoka muda mrefu.

Turudi kwenye video.

Namna tunavyoangalia sisi wa kazi hii: unazima sauti, sauti ndo inayoingia na kukaa. Unapunguza dirisha liwe dogo. Unasogeza picha moja moja, unaangalia kivuli, maandishi ya maduka, barabara imelowa au kavu, wala huangalii watu zaidi ya inavyohitajika. Na bado vinakuingia. Mi kuna klipu moja, tukio silitaji, ambapo mpita njia anavua mtandio wake anamfunika mtu aliyelala, anaondoka, upepo unaufunua, anarudi anaufunga vizuri pembeni kwa jiwe. Ni miaka sasa. Na mi nilikuwa nimejiandaa, nimezima sauti, nalipwa kwa kazi hiyo. Mama aliifungua akidhani ni picha ya wajukuu.

Mdogo wako anasema haki ya kuona ukweli. Mwambie hivi. Chumba kimoja cha habari nilichofanya kazi kilirusha klipu mapema mno, sura ya majeruhi mmoja haikufichwa, mi nilisema ifichwe, nikaambiwa wengine wameshaitoa. Haikupita nusu saa simu ikaingia, mwanamke anauliza kwa sauti ya chini kabisa, yule mwenye shati la mistari amepelekwa hospitali gani. Hatukujua. Alikuwa kaka yake, na alikuwa amejulia kwetu, yuko jikoni, peke yake. Ukweli gani alipata pale? Hata jina la hospitali hatukuwa nalo. Baada ya Nice, Ufaransa, Julai 14, 2016, lori limeua watu 86 ufukweni pale siku ya sikukuu yao ya taifa, televisheni ya France 2 ilimhoji mwanaume akiwa amekaa pembeni ya mwili wa mkewe, na ikabidi iombe radhi hadharani. Wenye kazi yao wanakosea hivyo. Mwenye video ya kweli ya tukio, kama ameipiga mwenyewe, aipeleke polisi, ni ushahidi. Kuirusha kwenye grupu hakumsaidii hata mmoja wa waliolala pale.

Munich, Ujerumani, Februari 2025, gari lilipoingia kwenye maandamano ya wafanyakazi, wakafariki mama na binti yake wa miaka miwili, na aliyeendesha alikuwa Mwafghani, siku chache kabla ya uchaguzi. Familia ikatoa taarifa fupi kuomba kifo chao kisitumiwe kuchochea chuki. Mdogo wako aisome hiyo halafu aangalie video aliyotuma iliandikwa maneno gani juu yake.

Sasa mama. Asionyeshwe tena wala asielezwe zaidi kilichokuwemo, na habari za tukio hilo zizimwe nyumbani angalau kwa sasa. Kuna utafiti Marekani baada ya mabomu ya marathon ya Boston ya 2013, waliotazama habari zake masaa sita au zaidi kwa siku wiki ile ya kwanza walikuwa na mshtuko mkubwa kuliko hata baadhi ya waliokuwepo pale. Kwa hiyo mama hajidekezi na asiambiwe anajidekeza. Kaa naye, mwulize ni kipi kinachomrudia, mwache aseme mwenyewe, usimkatishe kwa kumwambia asahau. Kukosa usingizi siku za mwanzo ni kawaida na kwa wengi kunapungua kwenyewe. Kukiendelea zaidi ya mwezi, au akianza kuogopa kutoka nje, kushtuka kila gari likipita, au picha zikimjia mchana kweupe, mpeleke kwa daktari na umweleze kila kitu, video ikiwemo.

Na mdogo wako aifute kwa wote kwenye grupu leo, halafu aende kwa mama mwenyewe, siyo kwa ujumbe, akae chini amwombe msamaha. Niandikie baada ya wiki mbili hivi uniambie analalaje.